Maji hayatoki, barabara imechimbika, dawa hakuna: umfuate nani hapa Arusha na uende na nini mkononi

Kila grupu la mtaa hapa Arusha lina stori hii, iwe Sombetini, iwe Muriet, iwe Kwa Mrombo. Mtu anatupia picha ya bomba limekauka au shimo limejaa maji mpaka toyo haipiti, watu wanaweka emoji za kulia, mmoja anamtukana diwani, mwingine anasema serikali imetusahau, alafu jioni tunahamia kwenye Simba na Yanga. Wiki inapita shimo lipo palepale. Sisemi usilalamike, lalamika tu, ila nusu ya malalamiko yetu yanaenda kwa mtu ambaye hata akitaka kusaidia hana hilo fungu, na nusu nyingine haipo kwenye karatasi yoyote, na serikali yetu mnaijua, kitu kisichoandikwa hakijatokea.

Nimekaa kwenye kamati ya mtaa muda sasa, nimeona barua zinazoleta mafundi na nimeona zile zinazolala kwenye droo mpaka mtendaji anahamishwa. Naandika ninavyojua, we chukua kinachokufaa.

Kwanza tuondoe ule uoga wa kwenda ofisini umeinama kama umeenda kuomba chumvi. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 8, inasema wazi kwamba wananchi ndo msingi wa mamlaka yote, serikali inapata madaraka yake kwao, lengo lake kuu ni ustawi wa wananchi, na itawajibika kwa wananchi. Sasa wanasheria wa kijiweni huwa wanaishia hapo, hawakwambii kwamba ibara ya 7 inasema yale malengo ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Yani huwezi kwenda Mahakama Kuu ukasema ibara ya 8 inanipa haki ya kudai bomba. Kwa hiyo ukienda kwa mtendaji unapiga meza na katiba mkononi unapoteza muda wako na wake, kinachobana ofisi ni zile sheria ndogo ndogo za sekta, miongozo, mihtasari na tarehe. Huko ndo tunakoenda.

Na hela ni zetu, hilo ulijue pia ukiwa umekaa kwenye benchi unasubiri. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye Luku, kwa hiyo hata mpangaji wa chumba kimoja Ngarenaro anaichangia. Mwaka huohuo iliongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo yule chalii wa bodaboda anayesema "mi silipi kodi" anailipa kila akisimama sheli, na ana haki ya kuuliza mtaro umefikia wapi kuliko mtu mwingine yeyote.

Jua mwenye mzigo

Hapa ndo watu wengi wanapotea. Serikali sio mtu mmoja. Mtaa wako mmoja tu unaweza kuwa na ofisi sita zinazohusika na kila moja ina bosi wake, bajeti yake na gari yake.

Maji mjini ni AUWSA, ambayo siku hizi inafika mpaka nje ya jiji, na vijijini ni RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya maji ya 2019, na chini yake kuna vile vyombo vya watumia maji ambavyo nyie wenyewe wanakijiji mnavisimamia. Umeme ni TANESCO. Taka, zahanati, vituo vya afya kama Kaloleni na Levolosi, shule za msingi na sekondari za serikali, masoko, hizo ni za Jiji. Lakini Hospitali ya Mount Meru ni ya rufaa ya mkoa, iko chini ya Wizara ya Afya, diwani wako hana bajeti ya kule hata shilingi.

Barabara ndo balaa. Ile ya kwenda Moshi, ya Namanga, ya kwenda Makuyuni, na bypass, hizo ni TANROADS. Za ndani ya mitaa, lami au vumbi, ni TARURA, ambayo ilianza Julai 2017 ikachukua kazi iliyokuwa ya halmashauri. Na mtaro unafuata barabara yake. Kwa hiyo kama maji ya mvua yanatoka barabara kuu yanaingia mtaani kwenu yanabeba kuta za watu, una ofisi mbili za kuandikia na kila moja itakwambia ni ya mwenzake, ndo maana barua inaenda kwa zote mbili siku moja na kila mmoja anaona jina la mwenzake kwenye nakala. Hiyo nakala inafanya kazi kuliko matusi yote ya kwenye grupu.

Sasa diwani wa nini kama hana hizo hela? Ana kazi yake. Anaongoza kamati ya maendeleo ya kata, wengi tunaiita WDC, na anakaa baraza la madiwani kila robo ya mwaka. Kwenye vikao hivyo wale mameneja wa taasisi wanaitwa na wanaulizwa mbele ya watu. Kwa hiyo usimwambie diwani "tuletee maji", mwambie "mheshimiwa, barua yetu ya tarehe fulani ipo kwa meneja, haijajibiwa, tunaomba uiulize kwenye baraza". Hapo umempa kitu cha kushika. Na baraza la madiwani ni la wazi, unaweza kwenda kukaa nyuma ukasikiliza kama ameuliza kweli. Wachache sana wanajua hili, na madiwani wengine wanafurahi hivyohivyo.

Anzia mtaani, na usiondoke bila muhtasari

Mwenyekiti wa mtaa tumemchagua, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024, na halipwi mshahara, anaishi kwa posho na huruma ya Mungu. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa Jiji, ana mshahara na ana bosi. Hao wawili usiwachanganye. Mwenyekiti anaitisha mkutano, mtendaji ndo anaandika, na kile alichoandika ndo kinaenda kata.

Ukifika ofisini salimia vizuri jamani. Najua mtendaji anaweza kuwa binti wa juzi tu, we mwite dada mtendaji, muulize habari za kazi, hata kama maji yamekata siku nzima na umeacha vyombo kwenye beseni. Mtu akisalimiwa vizuri anatafuta faili. Akifokewa faili halionekani.

Alafu mkutano wa mtaa. Watu hawaendi, wanasema ni wa wazee na wamama wa vikoba. Sasa wazee na wamama wa vikoba ndo wanaopanga kipaumbele cha mtaa wako, we umelala. Ukienda, usiongee dakika kumi unaanzia enzi za Nyerere. Simama, taja jina lako na nyumba unakokaa, sema tatizo kwa sentensi mbili tatu, sema unaomba nini, na malizia na haya maneno: "naomba iandikwe kwenye muhtasari". Waone wanavyoshika kalamu. Baada ya mkutano, siku mbili tatu, pita ofisini uombe kuona ule muhtasari kama kweli imeandikwa na imeandikwaje, maana saa zingine umesema kivuko kimebomoka watoto wa shule wanaruka korongo, we unakuta imeandikwa "wananchi walipongeza jitihada".

Kwa wale wa vijijini, Meru au Arusha DC, nyie mna nguvu zaidi yetu na hamjui. Kijiji kina halmashauri yake, wajumbe 15 mpaka 25, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na humo ndo mapato na matumizi yanasomwa. Kama mwaka unaisha hamjasomewa, hiyo peke yake ni hoja ya kwenda kwa mkurugenzi.

Barua

Barua moja, tatizo moja. Ukiweka maji, umeme, taka na bangi za kijiweni kwenye barua moja kila msomaji anasema hii sio yangu. Iwe ukurasa mmoja. Ambatanisha picha zilizochapishwa, kopi ya muhtasari wa mkutano, na orodha ya majina na sahihi za wakazi na namba za nyumba. Mfano huu, badilisha utakavyo:

Meneja, TARURA Wilaya ya Arusha.
K.K. Mtendaji wa Kata ya ______.
YAH: MAOMBI YA UKARABATI WA KIVUKO, MTAA WA ______
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa mtaa tajwa tunaomba ukarabati wa kivuko kilichopo kati ya ______ na ______ ambacho kilibomolewa na mvua za mwezi ______. Kivuko hiki kinatumiwa na wanafunzi wa shule ______ na wagonjwa wanaokwenda zahanati ya ______. Suala hili lilijadiliwa kwenye mkutano wa mtaa wa tarehe ______ (muhtasari umeambatanishwa). Tunaomba (1) mtaalamu wako afike kukagua, (2) tujulishwe kwa maandishi kama kazi hii ipo kwenye bajeti ya mwaka huu, na kama haipo, iingizwe kwenye inayofuata.
Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa Jiji, Mwenyekiti wa Mtaa.

Hiyo namba mbili ndo roho ya barua. Hujasema "tunaomba mtujengee", umeuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, na afisa akijibu hapana amejiwekea deni la bajeti ijayo.

Toa kopi mbili. Moja unaacha, nyingine wanakugongea muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, unarudi nayo nyumbani. Masjala wengine watakwambia acha tu tutakupigia. Sema asante, nasubiri muhuri. Kaa hapo. Kopi yenye muhuri ndo barua yako, ile nyingine ni yao.

Maji, kwa urefu kidogo maana ndo kilio chetu

Mnakumbuka ule mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao lengo lake lilikuwa kutoa uzalishaji kwenye lita milioni 40 kwa siku mpaka milioni 200. Watu wakasikia milioni 200 wakajua ndo basi tumeoga. Sasa kuzalisha ni kitu kimoja, bomba la kuyasambaza kwenye uchochoro wenu ni kitu kingine. Kwa hiyo ukienda kuuliza usiulize "maji ya mradi yako wapi", uliza mtaa wetu unalishwa na tenki gani, ratiba ya mgao ikoje na ni lini bomba la usambazaji linafika. Meneja wa maji anaheshimu mtu anayeuliza hivyo.

Bili ikikushtua, kabla hujaenda kugombana soma mita mwenyewe. Yuniti moja ni lita 1,000, yani ndoo 50 za lita ishirini. Piga hesabu ya kwenu. Bili inasema yuniti 30, hiyo ni ndoo 1,500 kwa mwezi, ndoo 50 kila siku, je mnazitumia? Kama mna wapangaji wengi inawezekana kabisa, usibishe tu. Kama hazifiki, funga bomba zote usiku, piga mita picha, asubuhi kabla hujafungua piga tena. Mita ikiwa imetembea una uvujaji ndani ya kwako na hilo ni lako kurekebisha. Ikiwa haijatembea na bili haifanani na picha zako, nenda na picha, jaza malalamiko kwa maandishi, chukua namba ya lalamiko.

Wasipokujibu au jibu likiwa la kukupooza, hatua inayofuata ni EWURA, ambao ndo wanawasimamia watoa huduma za maji na umeme, na wana ofisi ya kanda hapahapa Arusha. Kuna pia EWURA CCC, baraza la kutetea watumiaji, hao wanakusaidia kuandaa lalamiko na huwalipi. Lakini EWURA swali lao la kwanza litakuwa: ulishalalamika kwa mamlaka yenyewe, kopi iko wapi? Ndo hapo ule muhuri unapokulipa.

Alafu kuna floraidi, na hili nitalisema kwa nguvu kwasababu tumelizoea mpaka tunajivunia, eti meno ya rangi ndo utambulisho wa mtu wa Arusha. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatoa floraidi nyingi kwenye baadhi ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno yanaharibika utotoni wakati yanajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo we mtu mzima uliyehamia hapa na meno meupe usiseme maji hayana shida, angalia watoto waliozaliwa hapa. Na kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki palepale ikiwa nzito zaidi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi, au kuchanganya na maji ya chanzo kizuri, au ya mvua. Kama mtaa au kijiji mnatumia kisima, hata kiwe cha msamaria au cha kanisa, andikeni kuomba majibu ya vipimo vya maji. Wakisema vipimo vipo ofisini, ombeni kopi. Hii ni huduma ya msingi sawa na bomba lenyewe, maana maji yanayoharibu mifupa ya mtoto hayajahesabiwa kuwa yamefika.

Hospitali na zahanati

Kwa sera yetu ya afya, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Hilo neno "wasio na uwezo" ndo linawasumbua wazee wetu, wanafika dirishani wanaambiwa kadi iko wapi. Kwa hiyo usisubiri babu augue. Nenda naye mtaani akiwa mzima, aingizwe kwenye orodha ya wazee, afuatiliwe kitambulisho cha matibabu. Usiku wa manane kifua kimembana sio wakati wa kutafuta mtendaji.

Ikitokea mko hospitali na hela hamna, kila hospitali ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, wao ndo wenye mamlaka ya kuangalia msamaha au kulipa kidogo kidogo. Nesi wa wodini hana, usimlilie yeye. Uliza "ofisi ya ustawi iko wapi", nenda na barua ya mtaa kama unayo.

Na namba moja ambayo inatakiwa iwe kwenye simu ya kila mwanaume mwenye mke mjamzito: 115. Hiyo ni m-mama, usafiri wa dharura wa bure kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga. Unapiga, wanapanga gari, ikiwa ambulensi iko mbali kuna madereva wa jamii waliosajiliwa na serikali ndo inawalipa. Nimeshakutana na familia imeuza mbuzi kukodi Noah na hawakuwahi kuisikia hii namba.

Dawa ndo kitendawili. Unaandikiwa, unaambiwa kanunue nje. Inatokea kweli dawa zimeisha, sitadanganya kwamba kila mara ni hujuma. Lakini kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi ambayo ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi, na kamati hiyo inatakiwa kujua dawa ziliingia lini na zimeisha lini. Uliza wawakilishi wenu ni nani. Mitaa mingi hawajui, na saa zingine hata mwakilishi mwenyewe amesahau kwamba ni yeye.

Shule

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 mpaka kidato cha nne, kidato cha tano na sita wakaongezwa 2022. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Haitoshi, kila mwalimu mkuu atakwambia, na mi nakubaliana naye, 10,000 kwa mwaka ni chaki na karatasi za mitihani imeisha. Ndo maana michango ya uji na mlinzi ipo na wazazi wenye akili wanachanga. Lakini mchango ni makubaliano ya wazazi kwenye kikao, na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani kwasababu hujachanga. Akirudishwa, usiende kumfokea mwalimu wa darasa mbele ya watoto, nenda kwa mwalimu mkuu, omba kuona muhtasari wa kikao kilichopitisha mchango, ukikosekana panda kwa afisa elimu kata. Na ruzuku iliyoingia inatakiwa kubandikwa ubaoni shuleni. Isome siku ya kumpeleka mtoto, sio lazima usubiri ugomvi.

Wakati

Hii ndo sehemu ambayo ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila kifodi. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni. Lakini kabla ya hapo halmashauri zimeshapanga zao, na kabla ya halmashauri ni kata, na kabla ya kata ni mtaa. Ukirudisha nyuma unakuta maamuzi ya mtaani yanatakiwa yawe tayari miezi ya mwisho wa mwaka, Oktoba, Novemba, Desemba, kipindi ambacho sisi tunawaza ada za Januari na Wachaga wanafunga mizigo kwenda kula Krismasi kijijini. Tunarudi tumechoka, mvua za masika zinafika Machi, mtaro unafurika, tunaandika barua Aprili kwa hasira, na meneja anajibu kwa ukweli kabisa kwamba bajeti imeshafungwa. Kwa hiyo lile shimo la masika lipige picha masika hiyohiyo likiwa limejaa, weka tarehe, tunza, na barua ya bajeti ipeleke Oktoba kukiwa kukavu ukiwa na hizo picha. Ya dharura peleka muda wowote, ila ijue ni ya dharura, watakuletea kifusi, hawatakuletea daraja.

Na kila mwaka ripoti ya Mkaguzi Mkuu, CAG, anakabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi alafu inaenda bungeni Aprili, na kuna kitabu kizima cha serikali za mitaa. Kinapatikana bure mtandaoni. Tafuta jina la halmashauri yako humo ndani, soma kurasa zake tu, utapata maswali ya mkutano mpaka mwakani.

Ukiwa na kikundi usisahau ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndo mlango wake.

Wakikuomba "hela ya vocha"

Malipo yoyote ya serikali yana kontroo namba. Kuunganishiwa maji, kibali cha ujenzi, faini, vyote. Unalipa kwa simu au benki, meseji inabaki kwako. Mtu akikwambia nitumie kwenye namba yangu nikusaidie iende haraka, hiyo hela haijaenda serikalini na hiyo kazi hakuna mahali imeandikwa, kesho akihamishwa unaanza upya. Mwambie kwa upole "kaka naomba kontroo namba". Mara nyingi anapata kikohozi cha ghafla na kazi inaendelea. Akikazia, TAKUKURU ni 113, simu ya bure. Kabla ya kupiga kuwa na jina, ofisi, siku, na maneno aliyosema, sio "kule wote wala rushwa".

Barua imekaa, hakuna jibu

Mpe nafasi, wiki tatu nne. Alafu andika ya kukumbushia, fupi, ukitaja tarehe ya kwanza na ukiambatanisha ile kopi yenye muhuri. Unaweza kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku zisizozidi 30 kukujibu ukiomba taarifa. Na hapa kuna ujanja, usiombe huduma, omba taarifa: "naomba taarifa ya kiasi kilichotengwa na hatua ya utekelezaji wa kivuko cha mtaa fulani". Taarifa ina sheria na siku, kivuko hakina.

Sambamba na hiyo kuna e-Mrejesho, unaingia kwa intaneti au hata kwa kitochi unapiga *152*00# unafuata maelekezo. Lalamiko linapewa namba na unaweza kulifuatilia. Juu ya hapo ni Mkurugenzi, kisha Mkuu wa Wilaya, ambao wengi wana siku za kusikiliza wananchi, kisha Katibu Tawala wa Mkoa. Na kama ishu ni ofisi kukunyanyasa au kukuzungusha makusudi, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wanapokea malalamiko ya namna hiyo na hulipi kitu. Usirukie juu moja kwa moja. Mkuu wa Wilaya ataiandikia TARURA kuuliza, TARURA watasema hatujawahi kupokea chochote, na we utaonekana mzushi.

Kitu kingine, msiende mtu mmoja. Lakini msiende arobaini pia, mkienda arobaini mlinzi anaita polisi na stori inabadilika. Watatu wanatosha: mmoja anayejua kuongea, mmoja anayeandika, na mama mmoja mtu mzima ambaye hakuna afisa atathubutu kumwambia njoo kesho bila sababu. Sisi kwetu ni mama mmoja wa sokoni Kilombero, anafika na kitenge chake anakaa, anasema "mwanangu tumekuja kusubiri", na wanasubiri kweli.

Ndugu zangu wa Moshi utaratibu ni uleule, badilisheni majina tu. Maji ni MUWSA, taka na zahanati na shule ni Manispaa, Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa kwa hiyo ni wizara, na KCMC msiichanganye na hizo, ile inaendeshwa na shirika la kanisa kwa ubia na serikali, malalamiko yake yanaanzia kwenye menejimenti yao wenyewe. Barabara zenu za Pasua, Njoro na Majengo ni TARURA Manispaa ya Moshi, na nakala ya barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa.